Shajara ya mradi wa mizani: daraja la C++ na Python, na methodi za jina moja

Jumatatu, usiku

Kwa mliojiunga juzi: kuna kikundi cha wanunuzi wa samaki pale Deep Sea hapa Tanga wanataka kuachana na daftari. Mizani isome uzito, karani abonyeze kwenye simu, risiti itoke, jioni kila mtu ajue anadai nini na anadaiwa nini. Hesabu zenyewe hatuziandiki upya, ipo laibrari ya zamani ya C++ iliyoandikwa na fundi mmoja ambaye saivi yupo Dar, inapiga makato, ushuru, madeni ya wavuvi, bei za asubuhi na bei za jioni, vyote, na imeshafanya kazi miaka bila kelele. Seva tunaandika kwa Python. Kati ya hizo mbili nimeweka pybind11, laibrari ya kuita kodi ya C++ toka Python, iwe daraja. Kwenye simu ya karani ni ukurasa wa JavaScript tu, hamna cha ajabu.

Leo daraja limesimama. `import mizani` inakubali, risiti inafunguka, nikapima changu, nikapima kolekole, jumla zikatoka safi. Saa kumi mama karani akasema ngoja nijaribu mwenyewe, akapima pweza wawili. Wa kwanza kilo 4.6, kwa bei ya majaribio ya 8,000 kwa kilo ikatoka 36,800, sawasawa. Wa pili kilo 5 kamili.

"Mwanangu, hii mashine ina dhuluma. Pweza wa kilo tano shilingi arobaini?"

"Shikamoo mama, niachie mpaka kesho."

"Marahaba. Lakini wavuvi usiwaoneshe hiyo."

Elfu arobaini imekuwa arobaini, yaani uzito umegawanywa kwa elfu moja. Na ni kwenye kilo 5 tu, kwenye 4.6 hamna shida. Nimejaribu 3, 7, 12, zote zimeharibika, 3.1 na 7.25 zimetoka vizuri. Namba nzima zina kitu.

Jumanne

Imepatikana, na haipo sehemu moja, ipo kwenye maungio. Faili la hedha la ile laibrari (linalotangaza methodi zake, yaani vitendo vyake) linasema hivi:

```
void ongeza(int32_t gramu);
void ongeza(double kilo);
void ongeza(const std::string& mstari);
```

Methodi tatu, jina moja. Ukimpa namba nzima anaelewa gramu, ukimpa yenye desimali anaelewa kilo, ukimpa maandishi anasoma ule mstari unaotoka kwenye mizani moja kwa moja. Mi nisingeandika hivi, kuweka vipimo viwili tofauti nyuma ya jina moja ni kujitafutia, ila ndani ya C++ kwenyewe ilikuwa haijamuumiza mtu kwasababu kule aina inakaa kwenye kigezo, haikai kwenye thamani. Ukishasema `double uzito` (double ni namba yenye desimali) basi hata mizani ikisoma tano kamili bado ni double, kompaila (inayotafsiri kodi kuwa programu) inachagua ya kilo, na imechagua kabla programu haijaanza kukimbia.

Sasa fuata safari ya pweza wetu. JavaScript ina aina moja ya namba kwa matumizi ya kawaida, 5.0 na 5 kwake ni kitu kilekile, kwahiyo `JSON.stringify(5.0)` inatoa `5`, nukta imekufa hapohapo kwenye simu. Inafika Python, `json.loads` inaona `5` haina nukta, inasema hii ni int, namba nzima. Ingekuwa `4.6` ingesema float, yenye desimali. Python inapeleka int kwenye daraja, daraja linaona int, linaita ya gramu. Pweza wa gramu tano. Kila mmoja kafanya kazi yake kwa uaminifu kabisa afu mvuvi analipwa arobaini.

Ndo maana sitaki kuliita hili bagi la pybind11. Daraja linaulizwa swali ambalo halina jibu. C++ ilichagua kwa kuangalia aina alizoandika mtu, Python inabeba thamani tu na aina inatokana na thamani iliyopo muda huo, leo int kesho float kutegemea samaki kapima ngapi.

Jumanne tena, usiku sana

Umeme ulikatika Ngamiani nzima kuanzia magharibi, nimefanya hii kwa betri ya kompyuta na nimesoma zaidi kuliko kuandika, siyo mbaya.

Kwanza nilitaka nione C++ yenyewe inawatofautishaje hao watatu, maana linka (inayounganisha vipande vya programu) inajua majina tu, haijui aina. Ukipiga `nm`, amri ya kuorodhesha majina, kwenye faili la .o (kodi iliyokwisha kupita kwenye kompaila) kwenye Linux unaona `_ZN6Risiti6ongezaEi` na `_ZN6Risiti6ongezaEd`. Hizo 6 ni hesabu ya herufi za Risiti (klasi yenye hizi methodi) na za ongeza, na ile herufi ya mwisho ndo aina, i ni int, d ni double. Ni kama madrasani wakiwepo kina Mwanahamisi wawili, mwalimu anaongeza jina la baba kila mmoja ajijue. Wa string ana jina la baba refu mpaka la babu, sitalibandika hapa. Aina inayorudishwa haimo kwenye majina ya methodi za kawaida kama hizi, na C++ yenyewe haikubali methodi mbili zinazotofautiana kwa inachorudisha peke yake. Na ukiweka `extern "C"` kwenye fankisheni iliyo nje ya klasi kompaila inaacha kuongeza jina la baba, hapo huwezi tena kuwa na wawili wa jina moja, inakukatalia. Kwahiyo njia ya zamani ya kupitia ctypes (laibrari ya Python ya kuita kodi ya C) ingetulazimisha kutenganisha majina tangu siku ya kwanza, tupende tusipende. Nakaribia kusema ingekuwa heri.

Pili nimesoma pybind11 inachagua vipi, na hapa nieleze taratibu kwasababu itakuja kuulizwa tena. Ukisajili methodi kadhaa kwa jina moja inazipanga kwa mpangilio uliozisajili. Ukiita, inapita raundi mbili. Raundi ya kwanza haikubali kubadilisha aina, inajaribu moja moja toka juu, ya kwanza inayokubali vitu ulivyompa kama vilivyo ndo inaitwa. Zikikataa zote inarudi raundi ya pili, safari hii kubadilisha kunaruhusiwa, na tena ya kwanza kukubali ndo mshindi. Zikigoma zote inarusha TypeError yenye orodha ya sahihi zote inazozijua (sahihi ni jina la methodi pamoja na aina za vitu inavyopokea) na ulichoitumia, meseji nzuri sana kwa kweli. Lakini ona kisichokuwepo: hamna hatua ya kulinganisha nani anafaa zaidi. Kompaila ya C++ ikikuta mbili zinafaa sawasawa inagoma, inasema siwezi kuchagua, rekebisha. Daraja haligomi, linachukua ya kwanza na maisha yanaendelea.

Nimeandika testi za vitu vya ajabu niviingize kwenye `ongeza` nione vinaangukia wapi. Matokeo kwa toleo nililonalo:

`5` gramu, `5.0` kilo, hayo tunayajua. Kubadili mpangilio wa kusajili, double iwe juu, hakusaidii kitu, kwasababu raundi ya kwanza double inaikataa int na int32 inaikubali.

`True` gramu moja! Kwenye Python bool (aina ya ndiyo au hapana) ni mtoto wa int, `True + True` ni 2, kwahiyo kiboksi cha "yupo kwenye barafu" kikikosea nafasi kwenye fomu kinapimwa kama samaki.

`"5.00kg"` na `b"5.00kg"` zote mbili zinaenda kwenye ya mstari, std::string inapokea str na bytes bila kuuliza. Hii ni baraka, maana ukisoma mizani kwa waya wa siriali Python inakupa bytes.

`2147483647` gramu. `2147483648` kilo. Hapa nilicheka peke yangu gizani. Ile ya kwanza ndo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye int32, ukiongeza moja haiingii, int32 inakataa, raundi ya pili double inasema mi naichukua, na kipimo kinaruka toka gramu kwenda kilo katikati ya barabara. Hamna samaki wa hivo Bahari ya Hindi nzima, najua, lakini maana yake ni kwamba uchaguzi unafuata hata ukubwa wa namba, na hilo kwenye C++ halitokei kamwe kwa kigezo cha int.

Jumatano

Tumebishana na mwenzangu siku nzima, tulianzia ofisini Chumbageni tukamalizia kwenye bajaji.

Kabla sijaleta hoja nilipitia wa madaraja mengine wanafanyaje. Wa Java ndo wameteseka zaidi, `StringBuilder` peke yake ina `append` 13. JPype, ya kuita Java toka Python, inakuachia umvalishe mwenyewe namba aina yake, `JInt(5)` au `JDouble(5)`, na ikikuta haiwezi kuamua inakurushia erori. JRuby, Ruby inayokimbia juu ya Java, ina `java_send`, unaitaja methodi pamoja na orodha ya aina. Rhino na Nashorn, injini za JavaScript za Java, waliruhusu uandike sahihi nzima kwenye mabano ya mraba, kitu kama `out["println(double)"](5)`. (Nashorn yenyewe ilitolewa kwenye Java 15, ila GraalJS inaelewa mtindo huo.) Sintaksi zao mbalimbali lakini wote wameishia sehemu ileile: mwitaji aseme mwenyewe anamtaka nani.

Mwenzangu alitaka tubaki na jina moja ila tulazimishe majina ya hoja. Inawezekana, unaweka `py::kw_only()` afu `py::arg("gramu")` kwenye moja na `py::arg("kilo")` kwenye nyingine, halafu unaita `risiti.ongeza(kilo=5)`. Daraja linaona `kilo` haipo kwenye ile ya gramu, linairuka, linafika kwa double, raundi ya pili 5 inakuwa 5.0. Inasomeka vizuri, sikatai.

Mi nikasema tutenganishe majina mpaka mwisho, `ongeza_kilo`, `ongeza_gramu`, `ongeza_mstari`, na `ongeza` lenyewe Python isilione kabisa. Sababu yangu siyo urembo. Kosa likitokea saa kumi na moja alfajiri boti zimeingia, nataka kwenye logi nione jina la aliyeitwa, nataka nikitafuta `ongeza_gramu` kwenye kodi nzima nipate walioiita wote na wao tu. Kwenye njia ya `kw_only` bado kuna jina moja linalochagua nyuma ya pazia, na siku mtu akija kuongeza methodi ya nne tunaanza upya kufikiria raundi ya kwanza na ya pili. Kaniambia mbishi. Kakubali lakini.

```
.def("ongeza_kilo",
     py::overload_cast<double>(&Risiti::ongeza))
.def("ongeza_gramu",
     py::overload_cast<int32_t>(&Risiti::ongeza))
.def("ongeza_mstari",
     py::overload_cast<const std::string&>(&Risiti::ongeza))
```

`overload_cast` inataka C++14 kwenda juu. Bila hiyo lazima uandike kasti ndefu ya pointa, maana `&Risiti::ongeza` peke yake kompaila inakuuliza yupi kati ya watatu.

Kilichonifurahisha ni hiki: majina yakishatengana ule ubadilishaji wa aina uliokuwa unatuponza unakuwa upande wetu. `ongeza_kilo(5)` inabadilisha 5 kuwa 5.0 yenyewe, sawa kabisa, ndo tulichotaka. `ongeza_gramu(4.6)` inagoma kwa kelele kwasababu pybind11 haikubali kukata float iwe int kimyakimya, na hilo pia ndo tulichotaka. Kwenye hizi sikuweka `noconvert` (alama ya kuzuia kubadilisha aina).

Imebaki `True`. Hapo nimetumia overlodi (methodi nyingine ya jina lilelile) kama mlinzi wa mlangoni, nimesajili `ongeza_gramu` nyingine inayopokea bool, juu ya ile halisi, na kazi yake ni kurusha `py::type_error` tu. Kwakuwa ya kwanza kukubali ndo mshindi, True na False zinaishia kwake, namba za kweli zinampita. Na `ongeza_kilo` nayo nimempa mlinzi wake, maana raundi ya pili double inaichukua True kuwa 1.0. Walinzi wote wawili ndo nimewawekea `noconvert`, la sivyo raundi ya pili bool ingeidaka hata 5 ya `ongeza_kilo`.

Ijumaa, baada ya sala

Maji ya bamvu, pweza wamejaa, tukasema haya ndo majaribio ya kweli. Mizani haikusimama toka asubuhi. Kilo zote ziko sawa, nimelinganisha na daftari la mama karani mstari kwa mstari.

Jumla ya fedha haiko sawa. Shilingi moja moja zinapotea, na ni kwenye jumla kubwa tu za wiki. Mtu mwingine angesema shilingi moja kitu gani, ila mama karani hafungi daftari lenye shilingi moja inayoelea, na mi namuunga mkono.

Kwakuwa juzi ilikuwa `ongeza` leo nilienda moja kwa moja kwenye hedha kutafuta majina yanayojirudia. Hili hapa: `lipa(float)`, `lipa(double)`, `lipa(int64_t)`. Nilipoandika daraja nilifuata mpangilio wa hedha, na float iko juu. Sasa Python ina float moja, na hiyo ukubwa wake ni double ya C++. Float ya C++ ni mdogo wake wa biti 32, na pybind11 inaiona float ya Python inafaa kwa `float` vilevile inavyofaa kwa `double`. Ya kwanza kukubali ndo mshindi, kwahiyo `lipa(double)` imesajiliwa, ipo, ina maelezo yake, na haitaitwa milele. Na float ya biti 32 inashika namba nzima zote mpaka 16,777,216, baada ya hapo inaanza kuruka. 16,777,217 haipo kwake, unampa anakurudishia 16,777,216. Hiyo ndo shilingi yetu.

Kwanini haikuonekana kwenye testi? Kwasababu testi zililipa namba nzima, zikaenda kwenye int64_t, zikatoka safi. Float imezaliwa pale Python inapozidisha asilimia.

Dawa ni ileile na fupi zaidi. Fedha inavuka daraja kwa jina moja tu, `lipa_shilingi`, ya int64_t. Float na double hazisajiliwi. Kuzungusha kwenda shilingi nzima tunafanya upande wa Python kwa Decimal (aina yake ya hesabu za desimali), mahali pamoja, na atakayejaribu kuvusha float anapigwa TypeError usoni.

Nimeandika pia skripti ndogo inayopita kwenye hedha na kulalamika ikikuta jina la methodi limerudi mara ya pili bila kuwepo kwenye orodha tuliyoikagua kwa macho. Haina akili sana, inasoma maandishi tu, inatosha.

Jumapili

Upande wa kurudi, C++ kuita Python. Nilidhani tumemaliza na majina.

Laibrari ina klasi ya kuchapa risiti, na methodi zake ni virtual (klasi inayorithi inaweza kuziandika upya) ili kila mtu alete printa yake. Virtual mbili, `chapa(int32_t)` ya namba na `chapa(const std::string&)` ya maandishi. Sisi printa yetu ni ile ndogo ya karatasi ya joto, kodi yake iko Python, kwahiyo tunarithi klasi ya C++ toka Python na C++ inaita kodi yetu.

Dogo wetu aliandika `def chapa` mara mbili ndani ya klasi moja akitegemea ziishi pamoja kama kule C++. Kwenye Python ya pili inafuta ya kwanza, hamna onyo, na PYBIND11_OVERRIDE, makro ya kuvusha wito toka C++ kuja Python, ikitafuta methodi upande wa Python inatafuta kwa jina tu. Kwahiyo virtual zote mbili zinaangukia kwenye `chapa` ileile iliyosalia. Namba zikawa zinaingia kwenye kodi inayotegemea maandishi, ikalipuka.

Kuna `functools.singledispatchmethod` kwenye Python toka toleo la 3.8, inachagua kwa aina ya hoja ya kwanza, na ingefanya kazi hapa. Nimeikataa kwasababu inarudisha uchaguzi wa kimyakimya tulioufukuza Jumatano, na True kwake bado ni int. Nimetumia `PYBIND11_OVERRIDE_NAME`, makro ambayo unaitajia jina la upande wa Python tofauti na la C++. Virtual ya int32_t inatafuta `chapa_namba`, ya string inatafuta `chapa_maandishi`. Dogo kaandika upya printa yake kwa nusu saa, risiti ya kwanza imetoka ikiwa na jina la boti limekatika katikati, lakini hilo ni suala la upana wa karatasi.

Hali ilivyo: majina yote yaliyokuwa yanajirudia yametenganishwa isipokuwa konstrakta za `Mvuvi`, ambazo Python lazima izione kama `__init__` moja. Hizo nazigeuza kuwa `Mvuvi.kwa_namba(...)` na `Mvuvi.kwa_jina(...)` kwa `def_static`, afu `__init__` siisajili. Fundi wa Dar nimempigia kumuuliza kama anataka haya majina yarudi mpaka kwenye C++ yake, kasema kwake hayagusi, ila ile `lipa(float)` kasema niifute, hakumbuki iliwekwa kwa ajili ya nani.